Kasongo na Kabambare: pesa huingia mara moja, nyumba hula kila siku
Mambo saba yanayoweza kusaidia familia kufika Septemba bila deni

Kila mwaka mwezi wa Septemba unaleta mizigo miwili kwa pamoja kusini mwa Maniema. Mvua inarudi, na mkulima anahitaji mbegu ya mpunga, mahindi na karanga. Masomo nayo yanafunguliwa, na mzazi anahitaji kaye, biki, yunifomu, viatu na minerval ya mtoto wa sekondari. Yote yanadai pesa katika majuma yaleyale, baada ya miezi ya kiangazi ambamo akiba ya chakula imekuwa ikipungua.

Elimu ya msingi katika masomo ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019. Lakini bure hiyo haimnunulii mtoto viatu wala kaye, na mzazi wa mwanafunzi wa sekondari bado analipa. Ndiyo maana nyumba iliyokuwa na pesa nzuri mwezi wa pili inaweza kujikuta mwezi wa tisa ikibisha hodi kwa mkopeshaji.

Matokeo yake yanajulikana na kila mtu. Ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval. Ni mgonjwa aliyepona kuzuiliwa hospitalini mpaka bili ilipwe. Ni mkulima kuuza mpunga ukiwa bado shambani, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu hana njia nyingine.

Wengi husema tatizo ni moja tu: pesa ni kidogo. Ni kweli kwamba ni kidogo. Lakini katika maeneo haya mawili kuna tatizo lingine ambalo halisemwi sana, nalo ni namna pesa inavyokuja. Mkulima wa Kasongo hupata kwa mkupuo baada ya mavuno. Mchimbaji wa dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, katika eneo la Kabambare, anaweza kukaa majuma mengi bila kitu, kisha akapata nyingi kwa siku moja. Mwalimu hungoja mshahara ambao mara nyingine unachelewa. Pesa ya wote hao huingia mara moja, lakini ugali na sombe vinahitajika kila siku. Kazi ya kusimamia nyumba ni kuvusha pesa kutoka siku inapoingia mpaka siku itakapohitajika.

Kwa nini wazee hawaamini kuweka pesa

Vijana husema wazazi wao hawakufundishwa kuweka akiba. Hilo si haki. Wazazi hao waliweka, kisha wakaona akiba yao ikipotea.

Desemba 1979, utawala wa Mobutu uliondoa noti za zaire 5 na zaire 10 na kuwapa watu siku chache tu za kubadilisha. Aliyekuwa mbali na mji alibaki na karatasi mkononi. Mwaka 1991, Bindo Promotion na michezo mingine ya kuzalisha pesa ilianguka huko Kinshasa na kumeza pesa za watu wengi. Mwaka 1993, zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire ya zamani, moja kwa milioni 3. Mwaka 1998, franga ya Kongo ikaingia, na franga moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000.

Baada ya mambo hayo, watu walijifunza kununua mbuzi, mabati au dola. Akili hiyo si mbaya. Lakini mbuzi huugua, na bati haliwezi kukatwa kipande ili kununua dawa ya malaria usiku. Tena dola yenyewe haisimami mahali pamoja: mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa karibu na franga 2,850, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Aliyekuwa ameweka kila kitu katika dola, huku matumizi yake yote ni ya franga, alipata hasara.

Mambo saba yafuatayo hayahitaji benki, wala hayahitaji kuwa tajiri. Hesabu zinazotolewa ni za mfano tu. Kila nyumba itaweka namba zake.

1. Kuandika kwa siku 30 kabla ya kubadilisha chochote

Kitu cha kwanza ni kaye moja na biki. Kwa mwezi mmoja, kila franga inayoingia inaandikwa upande mmoja, na kila franga inayotoka inaandikwa upande wa pili: chumvi, sabuni, uniti za simu, kuchaji simu, sadaka, pikipiki, bia au sigara kama ipo. Asiyejua kuandika anaweza kumpa mtoto wa masomo kazi hiyo kila jioni, na mtoto naye atajifunza hesabu ya kweli.

Katika mwezi huo hakuna haja ya kujikaza wala kumlaumu mtu. Lengo ni kuona. Mara nyingi kinachoshangaza si vitu vikubwa, bali vidogo vinavyojirudia. Franga 500 kila siku kwa siku 30 ni franga 15,000. Mtu anayesema hana cha kuweka anaweza kukuta kwamba uniti na mazungumzo ya jioni vinachukua zaidi ya hapo.

2. Kugawanya siku ileile pesa inapoingia

Pesa ikilala nyumbani usiku mmoja bila kupewa kazi, kesho itapata kazi yenyewe. Jirani atakuja na shida, mtoto ataomba, na muuzaji atapita na kitambaa kizuri. Kwa hiyo mgawanyo unapaswa kufanyika siku ileile, kabla ya kununua kitu.

Tuseme mchimbaji amepata franga 600,000. Anaweza kuigawa mara tatu. Laki mbili ni za deni la chakula machimboni na za kujikimu mpaka mkupuo mwingine. Laki mbili zinatumwa nyumbani kabla jua halijazama. Laki mbili za mwisho hazikai machimboni kabisa: zinakwenda kwa kikundi, kwa simu yenye namba ya siri au kwa mtu wa familia anayeaminika, na zinapewa jina, kwa mfano "parseli" au "mtaji wa mke". Pesa yenye jina ni ngumu kuguswa kuliko pesa inayoitwa "akiba" tu.

Hili lina uzito zaidi Kabambare. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwanzoni mwa 2016, na Septemba 2019 kazi ilisimamishwa. Katika muda usiofika miaka minne, mishahara ilikuja ikaondoka. Aliyeweka sehemu katika shamba, nyumba au biashara alibaki na kitu. Dhahabu ya wachimbaji wa mikono nayo ina siku zake. Shimo linalotoa leo linaweza kujaa maji kesho.

3. Kutouza mpunga wote siku ya mavuno

Mpunga ulifika Maniema pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani katika karne ya 19, na mpaka leo ndio kama benki ya nyumba nyingi za Kasongo. Lakini wakati wa mavuno kila mtu anauza, na bei inaanguka. Miezi michache baadaye mkulima yuleyule ananunua mchele sokoni kwa bei ya juu.

Tuseme familia imevuna magunia 10. Matano ni ya kula, moja ni la mbegu, na manne ni ya kuuza. Badala ya kuuza yote manne mara moja, inaweza kuuza mawili kwa mahitaji ya haraka na kungoja na mawili. Ikiwa gunia ni franga 60,000 wakati wa mavuno na 90,000 katika kiangazi, magunia mawili yaliyongoja yanaongeza franga 60,000. Hiyo inaweza kuwa minerval.

Kungoja kunataka uangalifu. Mpunga wenye maganda unakaa vizuri kuliko mchele uliokobolewa. Ukaushwe sana kabla ya kuingia ghalani, magunia yakae juu ya miti bila kugusa udongo wala ukuta, na panya wazibiwe njia. Mbegu iwekwe peke yake, mahali ambapo mpishi hafiki. Mahali ambapo usalama ni mdogo, magunia mengi ndani ya nyumba moja ni hatari. Hapo ni afadhali kuuza mapema na kuhamisha thamani yake.

4. Kujua tofauti kati ya likelemba na AVEC

Likelemba inajulikana na wengi. Watu 10 wanatoa franga 10,000 kila juma, na kila juma mmoja anachukua 100,000. Ni rahisi, haina sanduku wala karatasi nyingi. Udhaifu wake ni mpangilio wa zamu: wa kwanza akichukua na kuhama, wa mwisho atalia. Tena zamu haiangalii shida. Mtoto anaweza kuugua juma la pili wakati zamu ya mzazi ni la tisa.

Vikundi vya AVEC, yaani vyama vya kijiji vya akiba na mikopo, vinatumia njia nyingine. Njia hiyo ilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, kisha ikaenea Afrika nzima mpaka Kongo. Watu kati ya 15 na 25 hivi, wanaojuana, wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua sehemu moja mpaka tano, kwa bei waliyokubaliana. Pesa inahesabiwa mbele ya wote na kuwekwa katika sanduku lenye kadena tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Pembeni kuna mfuko mdogo wa kusaidiana kwa ugonjwa na msiba.

Mwanachama anaweza kukopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na kurudisha ndani ya miezi mitatu hivi na nyongeza kidogo. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 mpaka 12, sanduku linafunguliwa na kila mtu anapata akiba yake pamoja na faida. Anayenunua sehemu tatu za franga 1,000 kila juma kwa majuma 40 anakuwa ameweka 120,000. Kikundi cha watu 25 kama huyo kinakuwa na milioni 3.

Jambo moja linasahauliwa na vikundi vingi: tarehe ya kugawana. Kikundi kinachogawana Desemba kitakula sikukuu, na Septemba kitakopa. Kikundi cha Kasongo au Kabambare kingefaidika zaidi kama kingefunga mzunguko wake katika juma la mwisho la Agosti, kabla ya masomo na mbegu. Hata katika likelemba, mzazi anaweza kuomba zamu yake iangukie Agosti.

Kuna pia swali la dini. Kasongo ina Waislamu wengi, na baadhi yao hawataki nyongeza juu ya mkopo kwa kuogopa riba. Katika AVEC nyongeza inarudi kwa wanachama wenyewe, lakini kila mmoja atamuuliza shehe wake. Kikundi kinaweza kuandika katika sheria zake kwamba kitaweka akiba na kukopeshana bila nyongeza yoyote. Faida haitakuwepo, lakini akiba ya Agosti itakuwepo. Na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, inafaa kuihesabu upya katika kalenda ya nyumba kila mwaka, pamoja na Idi.

5. Kuhesabu Banque Lambert kabla ya kuingia

Mkopo wa mtu binafsi unaoitwa Banque Lambert unapendwa kwa sababu unapatikana leoleo na hauulizi maswali. Lakini ni lazima uhesabiwe. Tuseme mtu amekopa franga 100,000 kwa nyongeza ya 30 kwa mia kila mwezi, na kila mwezi anaweza kulipa nyongeza tu. Baada ya miezi minne ametoa franga 120,000, na bado deni la 100,000 liko palepale. Mkopo huohuo katika kikundi, kwa nyongeza ya 5 kwa mia kwa mwezi, ungemgharimu 15,000 kwa miezi mitatu.

Aliyekwisha kuingia humo afanye mambo mawili. Kwanza, alipe kipande cha deni lenyewe, hata kidogo, kila anapolipa nyongeza, na aandikiwe karatasi. Pili, asiweke rehani kadi ya benki, karata ya mpiga kura wala karatasi ya parseli. Mwalimu aliyeacha kadi yake kwa mkopeshaji amempa mshahara wenyewe.

Vilevile, mtu yeyote anayekusanya akiba za watu wote na kuahidi kuzizidisha kwa muda mfupi anapaswa kuulizwa kibali. Nchini Kongo, Banki Kuu ndiyo inayotoa kibali kwa taasisi ndogo za fedha na koperative za akiba. Asiye na karatasi hiyo anaomba kuaminiwa tu, kama Bindo.

6. Simu: namba ya siri ni ufunguo wa sanduku

M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na sasa kabini za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinawafikia watu ambao hawajawahi kuona mlango wa benki. Kwa mchimbaji, kutuma pesa kwa simu ni afadhali kuliko kubeba noti njiani. Lakini kuna mambo matano ya kukumbuka.

Namba ya siri haipewi mtu, hata mwenye kabini, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Ujumbe unaosema pesa imeingia si uthibitisho. Mtu aangalie salio lake mwenyewe kabla ya "kurudisha" pesa iliyotumwa "kwa makosa". Laini ya simu iandikishwe kwa jina la mwenye pesa, maana simu ikiibwa ndiye atakayeweza kuirudisha. Kutoa pesa kunakatwa, kwa hiyo ni afadhali kutoa mara moja kwa mpango kuliko mara tano kidogokidogo. Na siku mtandao unapoanguka au kabini inapokosa noti, nyumba isilale njaa: kiasi kidogo cha noti kibaki karibu kwa ajili ya dawa na chakula.

7. Kuzungumza nyumbani, mume na mke

Mipango mingi huvunjika si kwa sababu ya njaa bali kwa sababu ya siri. Baba hajui mama ana deni sokoni. Mama hajui baba ameahidi mbuzi kwa wakwe. Saa moja kwa mwezi, kaye ikiwa mezani, inaweza kuzuia ugomvi wa mwaka.

Sheria nayo imebadilika. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, na sasa inawataka mume na mke wapatane. Kwa hiyo mama anayeuza unga au mawese anaweza kufungua akaunti na kuingia kikundi bila kuomba kibali kama mtoto, na baba naye anatakiwa kumshirikisha.

Ndugu wa ukoo ni sehemu ya mazungumzo hayo. Hakuna mtu wa Maniema atakayeacha msiba wa mjomba. Lakini familia inaweza kupanga mapema kiasi cha kusaidia kwa mwezi. Kiasi hicho kikiisha, jibu ni la kweli na la heshima: mwezi huu tumefika mwisho, tungoje unaofuata.

Kile ambacho akiba haiwezi

Ushauri huu una mpaka wake. Hakuna kaye inayozuia watu wenye silaha. Mapigano ya upande wa Salamabila mwaka 2018 na 2019 yaliwafanya watu kukimbia na kuacha mashamba na nyumba. Barabara mbovu inaendelea kula faida ya kila bidoni ya mawese na kila gunia, na mshahara unaochelewa hauwezi kugawanywa. Hayo ni madeni ya serikali kwa wananchi, na mwananchi asijilaumu kwa ajili yake.

Hata hivyo, mahali penye hatari, mpango mdogo una thamani zaidi. Karatasi za familia, yaani karata za mpiga kura, vyeti vya watoto na karatasi za parseli, zikae pamoja ndani ya mfuko wa plastiki unaoweza kubebwa kwa mkono mmoja. Akiba isikae mahali pamoja: kidogo kwenye simu, kidogo kwenye kikundi, kidogo kwenye mifugo.

Kwa anayetaka kuanza, si lazima kushika yote saba. Tuseme mama wa sokoni anaweka franga 500 kwa siku, siku sita kwa juma. Ni 3,000 kwa juma. Kuanzia mwanzo wa Januari mpaka mwisho wa Agosti kuna majuma kama 34, na hiyo ni franga 102,000. Aliyechelewa akaanza Mei atakuwa na nusu yake, na nusu hiyo ni afadhali kuliko deni.

Kiangazi hakimshangazi mtu Kasongo wala Kabambare. Kila mmoja anajua mwezi kinaoanza na mwezi mvua inaporudi. Septemba nayo ina tarehe. Kinachobaki ni kuipangia pesa yake wakati pesa bado ipo.